Hesi za Inchi: Siku Tisa za Kutafuta Bolti za Land Rover 109

Siku ya kwanza, Moshi

Leo nimemaliza kuhesabu: 349. Hizo ndizo bolti, nati zake, stadi (bolti zisizo na kichwa) na skrubu ninazohitaji ili Land Rover hii isimame tena. Za zamani nimezimwaga zote kwenye turubai uani, kisha mpwa wangu na mimi tukazigawa katika makopo ya maziwa ya unga. Kila kopo lina karatasi yake: milango, madigadi, propela, giaboksi, dashibodi.

Gari ni 109, yaani lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, toleo la Series IIA la mwaka 1969, injini ya petroli ya lita 2.25. Nililinunua kwenye shamba la kahawa kule Machame, likiwa limekaa juu ya matofali kwa miaka 19 na kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Chesisi tumeshaichomelea na kuipiga rangi, na injini imefunguliwa na kufungwa. Bodi ni alumini, haikuliwa na kutu, lakini kila mahali bolti ya chuma ilipogusa alumini kumeota unga mweupe na tundu limepanuka. Chuma na alumini vikilowana pamoja, alumini ndiyo inayoliwa.

Bolti nyingi zimetoka kwa vita. Siku tatu nilizilowesha kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nikagonga vichwa kwa nyundo, nikakaza kidogo kwanza ndipo nilegeze. Zilizogoma nilizipasha moto kwa gesi. Zilizogoma hata baada ya moto nilipasua nati zake kwa tindo. Hizo haziwezi kurudi kwenye gari.

Lililoniuma ni jambo moja. Kwenye nyumba ya alumini ya giaboksi nimekuta bolti ya milimita 8 ndani ya tundu la inchi 5/16. Ukizipima kwa macho ni mtu na pacha wake, maana inchi 5/16 ni milimita 7.94. Hesi zake, yaani ile mifereji inayozunguka shina, ndizo hazifanani. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, aliona imeingia mzunguko mmoja na nusu ikakwama, akashika spana ndefu akailazimisha. Nilipoitoa ilitoka na hesi za alumini zimejiviringa juu yake kama maganda ya chungwa. Nilikaa chini kwa muda. Tundu lile lilikuwa zima tangu lilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, likaharibiwa kwa dakika mbili na bolti iliyokaribia kuwa yake.

Nimeandika kwenye ukuta wa banda kwa chaki, ili mpwa wangu alione kila asubuhi: BOLTI IINGIE KWA VIDOLE.

Orodha ya safari ni hii. Inchi 5/16 hesi nyembamba, 140. Inchi 1/4 hesi nyembamba, 120. Inchi 3/8 hesi nyembamba, 58, na kati ya hizo 16 ni za propela, yale mashina yanayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye ekseli. Stadi za giaboksi za hesi za kale, 9. Skrubu ndogo za umeme na dashibodi, 22. Pamoja na hizo, springi ya kuokoa lile tundu.

Siku ya pili, Moshi

Nimezunguka maduka ya spea kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Watu wema, maduka yamejaa, lakini kila droo inayofunguliwa ni milimita: 6, 8, 10, 12. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu barabara zetu zimejaa Toyota, na Toyota ni milimita tangu bampa hadi bampa. Nilipotoa bolti yangu ya mfano, kijana wa dukani aliishika, akaizungusha mbele ya macho, akaniambia, "Kaka, chukua namba 8 tu, inaingia hiyo."

Nikamwomba nati ya namba 8 tujaribu pamoja pale kaunta. Iliingia kwa urahisi, ikaanza kuyumba, ikakaa upande. Nikamweleza kwamba hii yangu ina hesi 24 katika kila inchi, na yake ina hatua ya milimita 1.25, yaani kama hesi 20 kwa inchi. Alisikiliza vizuri. Akaniuliza, "Sasa na spana zako?" Swali zuri, kwa sababu ugonjwa ni uleule. Kichwa cha bolti yangu ni nusu inchi, milimita 12.7. Spana 13 inakaa, lakini inacheza. Ukikaza kwa nguvu kona za kichwa zinalika, na kesho yake fundi mwingine anakuja na praisi, keshokutwa na tindo. Robo ya bolti nilizotoa zilikuwa zimeshageuka duara kwa namna hiyo.

Jioni nimefunga begi: vania ya kupimia, geji mbili za hesi, bolti moja ya mfano kwa kila aina ikiwa kwenye mfuko wake wa plastiki, na daftari. Mpwa wangu atakwenda nami. Amemaliza mwaka wa kwanza wa ufundi mitambo na nataka aone mambo haya kwa mikono yake.

Siku ya tatu, Arusha

Kilomita 80, basi la asubuhi. Arusha ni mji wa Land Rover. Miaka mingi utalii wa kaskazini ulibebwa na magari haya kabla Land Cruiser haijashika usukani, na Oktoba 2024 yalikusanyika hapa kwa mamia kwenye tamasha lao. Nilijua gereji za kuulizia ziko upande wa mtaa wa Unga Limited.

Gereji ya pili tuliyoingia ilituelekeza kwa mzee mmoja anayeishi nyuma ya karakana yake, ambaye sasa hafungui magari tena, ila anauliziwa. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda akichambua mchicha. Tukamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Gari gani?"

Hakuuliza tumetoka wapi. Nilimwambia 109, Series IIA, ya 1969. Aliacha mchicha, akaingia ndani, akatoka na mabati matatu ya biskuti na kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Alipokifungua kitambaa zilikuwa spana, nzito, nyeusi, kila moja imegongwa maandishi: 1/4W upande mmoja, 5/16BS upande wa pili wa shina lilelile.

Mpwa wangu alichukua vania akapima mdomo wa ile ya 1/4, akashangaa. "Mjomba, hii si robo inchi. Ni milimita 13.3."

Mzee akamjibu yeye, si mimi. Alimwambia spana za zamani za Waingereza hazisemi upana wa kichwa cha bolti, zinasema unene wa bolti yenyewe. Bolti ya robo inchi, spana yake imeandikwa robo, hata kama kichwa ni kikubwa mara mbili. Mtu asiyejua anaweza kuwa na seti nzima mkononi na asipate hata moja ya kumfaa.

Kisha akatufungulia mabati, na hapo ndipo safari yangu ilipata maana. Bati la kwanza lilikuwa la hesi za Whitworth na jamaa yake nyembamba, BSF. Joseph Whitworth wa Manchester alipendekeza mwaka 1841 kwamba karakana zote zikate hesi za namna moja, zenye pembe ya digrii 55, badala ya kila fundi kuwa na zake. Uingereza ikamfuata kwa zaidi ya miaka mia. Lakini Wamarekani wao walikata kwa digrii 60, na vita vya pili vya dunia vilipokuja, vifaa vya washirika hao wawili vikawa haviingiliani. Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana hesi moja, ya digrii 60. Hilo ndilo bati la pili: hesi zilizounganishwa, pana huitwa UNC, nyembamba huitwa UNF.

Sasa tazama tarehe. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, miezi saba tu kabla ya makubaliano yale. Ilizaliwa kwenye hesi za kale, ikakulia kwenye hesi mpya. Gari langu la 1969 bodi yake na injini yake vimeshahamia UNF, lakini giaboksi imetokana na muundo wa zamani zaidi wa Rover, na humo ndani bado kuna stadi za digrii 55. Ndiyo sababu gari moja lina hesi za aina tatu au nne, na ndiyo sababu mafundi wengi wamelichukia bila kujua kosa si lao wala la gari.

Bati la tatu lilikuwa la skrubu ndogo sana za vifaa vya umeme, zinazoitwa BA, zenye pembe ya digrii 47 na nusu. Mzee alikuwa nazo nne tu za namba 2, ninayoihitaji.

Alitufundisha na namna ya kutambua bolti iliyounganishwa bila geji: nyingi za Waingereza zina viduara vitatu vimegongwa mfululizo ubavuni mwa kichwa, vinagusana kama mnyororo, au kidimbwi cha duara juu ya kichwa. Nilikuwa nimezisugua bolti zangu kwa brashi ya waya wiki nzima na viduara vile nikavidhani ni alama ya kiwanda tu. Akatufundisha na hili la pili: ukiwa na bolti mbili na huna geji, zilaze ubavu kwa ubavu, hesi ndani ya hesi, uzinyanyue kwenye mwanga. Zikilaliana bila mwanga kupenya, ni ndugu. Mwanga ukipenya popote, weka chini.

Tuliondoka na bolti 70 za robo inchi, zimetumika lakini hesi zake safi, 12 za inchi 3/8, stadi 3 za giaboksi na skrubu 4. Mzee hakutaka fedha ya stadi. Alisema zimekaa kwenye bati lile zikimsubiri mwenye gari. Nilimwachia kilo mbili za sukari na majani ya chai, akapokea.

Siku ya nne, Namanga hadi Nairobi

Barabara. Kilomita kama 110 hadi Namanga, ng'ombe na vumbi, kisha kituo cha pamoja cha mpakani, mihuri, na kilomita nyingine 160 na kitu hadi Nairobi. Tumefika jioni, tumepata gesti ya bei nafuu. Miguu imevimba. Mpwa wangu amelala na vania mfukoni.

Siku ya tano, Nairobi

Nilikuwa na sababu ya kuja Nairobi. Kenya ilikuwa na kiwanda Thika, Leyland Kenya, kilichoanza kuunganisha Land Rover katika miaka ya 1970. Mahali palipounganishwa gari, bolti hubaki kwenye rafu hata baada ya gari kusahaulika.

Tulianzia Kirinyaga Road, ile ambayo wenyeji wengine bado wanaiita Grogan. Asubuhi nzima. Kuna kila spea unayoweza kuifikiria pale, lakini kwa bolti jibu lilikuwa lile la Moshi: milimita. Saa sita nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Tukaingia kwenye duka jembamba la mama mmoja aliyekuwa akiandika stakabadhi bila kuinua kichwa. Nikaweka mifuko yangu ya mifano kaunta. Akainua moja, akaitazama sekunde tatu.

"Hii ni ya inchi. Hapa hautapata."

"Nitapata wapi, mama?"

"Wewe unauliza watu wa magari. Enda uulize watu wa matrekta. Massey Ferguson ni bolti gani? Katapila ni bolti gani?"

Niliona aibu na furaha kwa pamoja, kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Matrekta ya zamani ya Massey Ferguson, 35 na 135, ambayo yamelima nusu ya Kilimanjaro, yamefungwa kwa hesi hizihizi zilizounganishwa. Mashine za Katapila ni za Kimarekani, nazo hufungwa kwa inchi. Mashamba bado yanafanya kazi, machimbo bado yanachimba, kwa hiyo bolti za inchi bado zinaingia nchini kila mwezi. Haziko kwenye duka la spea za gari, basi. Kama unasoma hili na una gari la Kiingereza la miaka ya sitini limekwama uani, anza kwa muuza spea za trekta wa mji wako kabla hujapanda basi lolote.

Alituelekeza Industrial Area, upande wa Enterprise Road. Duka tulilolikuta halina mapambo: kaunta ya chuma, mizani, na ukuta mzima wa visanduku. Nilimwambia muuzaji 5/16 UNF, akaniuliza urefu na gredi kabla sijamaliza sentensi. Nilitamani kumkumbatia.

Hapa nieleze gredi, yaani daraja la nguvu ya bolti, kwa kuwa ndipo watu wanapoumizwa. Bolti ya milimita huandikwa namba kichwani, kwa mfano 8.8: nane ya kwanza ni nguvu ya kukatika, megapaskali 800, na nane ya pili inasema itaanza kulegea na kunyooka ikifika asilimia 80 ya hapo. Bolti ya inchi ya mtindo wa Kimarekani haina namba, ina mistari: mitatu kama miale ya jua ni gredi 5, sita ni gredi 8. Kichwa kitupu kisicho na chochote ni chuma laini, kinafaa kushikia kibao cha namba. Kwenye propela, kwenye springi, kwenye usukani na breki usiweke kichwa kitupu. Mpwa wangu alizimwaga bolti za propela juu ya kaunta akazigeuza moja moja, zote 16, mistari mitatu kila moja, na muuzaji akamngoja bila kununa.

Kwa propela nilichukua nati zenye pete ya plastiki ndani, zinazojifunga zisilegezwe na mtetemo. Nati hizi ni za kutumia mara moja: pete ikishakatwa na hesi, ukiifungua tupa. Na usiziweke karibu na ekzosi, plastiki itayeyuka. Kwa ekzosi nilinunua nati za shaba, ambazo hazigandi kwenye stadi hata baada ya miaka ya moto.

Muuzaji aliniuliza kama nataka stenlesi kwa ajili ya bodi, zinang'aa. Nilifikiri, nikakataa. Najua wenzangu wengi wanazipenda. Lakini stenlesi ikigusana na alumini na maji, ile alumini inaliwa haraka zaidi, na hesi za stenlesi zina tabia ya kung'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe. Nimechukua za chuma zilizopakwa zinki, na kila moja itavaa washa na grisi. Ilitoka kiwandani na bolti za chuma, na kwa chuma nitairudisha.

Tumeondoka na mfuko mzito: 5/16 zote 140, robo inchi 50 zilizobaki, 3/8 zote 46, za propela zikiwemo.

Usiku, gesti. Kabla ya kulala nimetoa geji nikachomoa bolti chache za 5/16 kuzifurahia. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu geji ikakataa. Nikamwaga mfuko wote kitandani. Bolti 40 kati ya 140 zina hesi 18 kwa inchi, sio 24. Ni hesi pana, UNC, zimechanganyika kwenye kisanduku. Unene uleule, kichwa kilekile, zinki ileile. Tumezitenga zote chini ya balbu, mpwa wangu akishika geji na mimi nikipokea, mpaka saa sita na nusu usiku. Nawaza zile 40 zingefika Moshi. Moja tu kati ya hizo, mkononi mwa mtu mwenye haraka, ingefanya yaleyale niliyoyakuta kwenye giaboksi.

Siku ya sita, Nairobi

Saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni. Muuzaji aliangalia geji mara moja, akaomba radhi, akabadilisha zote, kisha akatoa kisanduku kizima akaanza kukichambua yeye na msaidizi wake. Alinikopesha na kalamu ya rangi nipake alama vichwa. Pia alikuwa na kile nilichokitafuta kwa ajili ya tundu lililoharibika: springi ya hesi. Ni waya wa chuma uliosokotwa kama springi ndogo, wenye umbo la hesi ndani na nje. Unachimba tundu likapanuka kidogo, unakata hesi mpya kwa tapu yake maalumu, unaizungushia springi ndani, na tundu linarudi kuwa la 5/16 kama lilivyozaliwa. Mara nyingi linakuwa imara kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa bolti inashikwa na chuma badala ya alumini laini.

Zilibaki skrubu za BA, 18. Katika Industrial Area hakuna aliyezijua. Nikamkumbuka yule mzee wa Arusha alivyosema ni skrubu za vifaa vya umeme, nikawaza: redio. Simu za mezani za zamani. Mita. Vitu vyote vya Kiingereza vya wakati ule vilifungwa kwa BA. Tukaenda Luthuli Avenue, ambako siku hizi ni spika na simu, tukauliza mafundi wazee mpaka tukampata mmoja ghorofani, chumba kimejaa maredio ya mbao yaliyovuliwa nguo. Alifungua kopo la kahawa. Tukachambua kwa kibano, mpwa wangu akijaribu kila moja kwenye nati ya mfano. Tulipata 15. Aliuza kwa bei ya kawaida kabisa, ila kwa sharti moja, nikifufua gari nimletee picha.

Siku ya saba, kurudi

Mpakani niliulizwa mfuko mzito namna hii una nini. Nilifungua, nikaonesha stakabadhi, nikalipa nilichoambiwa. Afisa alichukua bolti moja akaisoma kichwa. Baba yake, alisema, alikuwa nayo 109. Moshi saa mbili usiku.

Siku ya nane, Moshi

Stadi za giaboksi: nahitaji 9, ninazo 3. Sita lazima zichongwe.

Nimekwenda kwa fundi wa lethi, mashine ya kuchongea chuma, ninayemwamini. Mashine yake ni ya Kiingereza, ya zamani, na parafujo yake kuu imekatwa kwa inchi, kwa hiyo hesi za inchi ni lugha yake ya mama. Kwanza tulizungumza juu ya chuma. Wengi huchonga bolti kutokana na nondo ya ujenzi, kwa kuwa ipo na ni rahisi kuikata. Usikubali. Hujui nguvu yake, na stadi hizi ndizo zinazoshika giaboksi kwenye injini. Tulichukua bolti ndefu za milimita 10, zimeandikwa 8.8 kichwani, zenye shina refu lisilo na hesi. Shina lile ni milimita 10 kamili. Stadi yangu ni inchi 3/8, milimita 9.53. Unatoa chini ya nusu milimita tu, unakata kichwa, unakata sehemu ya hesi za milimita, na unabaki na kipande cha chuma chenye nguvu inayojulikana.

Kisha akanoa kisu upya, kwa sababu kisu chake kilikuwa cha digrii 60 na hesi za stadi hizi ni 55. Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa mtu sahihi. Tofauti ya digrii tano macho hayaioni. Fundi mwingine angekata tu. Yeye alinoa, akakipima kwa kibao, akanoa tena. Hesi 20 kwa inchi, pole pole, mafuta yakidondoka, akiijaribu kila mara kwa nati ya zamani niliyomletea. Stadi ya kwanza ilichukua dakika 50, ya sita dakika 20.

Mpwa wangu aliomba akate moja. Fundi akamruhusu kwenye kipande cha kujifunzia. Kiliharibika, akampa kingine.

Siku ya tisa, Moshi

Tumeanza na lile tundu. Nimechimba mwenyewe, mkono ukiwa umeegemea magoti yote mawili, kisha tapu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kutoa maganda, mafuta, tena. Springi ikaingia, nikauvunja ule mkia wake mdogo kwa ncha ya bisibisi na kuupuliza nje. Nikaweka bolti ya 5/16 mdomoni mwa tundu, nikaizungusha kwa vidole viwili. Ilikwenda hadi chini bila sauti.

Giaboksi imeunganishwa na injini saa saba mchana, stadi zote 9, nati zimekazwa kwa mpangilio wa msalaba ili isikae upande. Propela zote mbili saa kumi. Mpwa wangu alilala chini ya gari na mimi nikampa bolti moja moja, naye kila mara ananiambia, "Vidole, Mjomba," kabla ya kuomba spana. Milango miwili imekaa na inafunga kwa mlio wake wa zamani. Madigadi ya mbele tumeyaachia kesho, mwanga ulikuwa umeisha.

Makopo ya maziwa yamebaki matupu karibu yote. La dashibodi lilihitaji skrubu 22 na tumepata 19. Mpwa wangu amechana karatasi kwenye daftari, akaandika "2BA, bado 3", akaibandika juu ya kopo na kuliweka dirishani, mahali ambapo kila anayeingia bandani atalisoma.